Kibodi Moja, Simu Mbili na Kishikwambi

Mezani kwangu hapa Benaco, kata ya Kasulo, kuna kompyuta ya mezani ya mtumba, simu yenye laini ya Tanzania, simu nyingine yenye laini ya Rwanda, na siku nyingine kishikwambi cha mwalimu aliyekuja nimpangie mtihani. Vifaa vinne, mikono miwili. Kwa miaka mingi nilichapa mkataba wa shamba kwenye kompyuta, nikauacha katikati, nikashika simu kumjibu dereva aliyekwama Rusumo, nikitafuta herufi kwa kidole gumba. Nikirudi kwenye mkataba nimeshasahau shamba lilikuwa na hatua ngapi. Siku hizi kibodi ni moja. Nabonyeza vitufe viwili, maandishi yanahamia kwenye simu. Nabonyeza tena, yamerudi kwenye kompyuta.

Wateja huiona, huigusa, husikiliza inavyolia, kisha huuliza: na mimi ninunue ipi? Nimewajibu mara nyingi nimesimama, huku mashine ya fotokopi ikinguruma. Leo nijibu nimekaa.

Tuelewane kwanza majina. Kibodi nyingi tulizozizoea ni za mpira. Chini ya kila kitufe kuna kikombe kidogo cha mpira, na chini ya vikombe vyote kuna karatasi ya plastiki iliyochorwa njia za umeme. Karatasi hiyo ni moja kwa kibodi nzima. Ikimwagikiwa chai mahali pamoja, unaweza kupoteza safu nzima ya herufi, na fundi atakwambia ununue nyingine. Kibodi ya kimakanika, ambayo mimi huiita kibodi ya swichi, kila kitufe chake kina swichi yake: kiboksi kidogo chenye springi ndani, na vipande viwili vya chuma vinavyogusana unapobonyeza. Herufi moja ikifa, imekufa hiyo peke yake. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ndiyo iliyoleta swichi za MX miaka ya 1980, nazo ndizo zilizokuwa kipimo cha nyingine zote. Hataza yake ilipoisha muda, mnamo 2014, viwanda vya China kama Gateron, Kailh na Outemu vikajaza soko swichi za umbo lile lile. Ndiyo maana leo mtu wa Benaco anaweza hata kuuliza bei.

Sasa jambo lenyewe. Wengi wakishaamua kununua kibodi ya swichi isiyo na waya huanza kubishana juu ya rangi ya swichi, taa na mlio. Ukiwa na kifaa kimoja, bishana. Ukiwa na vitatu, cha kwanza kukagua ni namna kibodi inavyohama.

Hili nililijua kwa hasara. Kibodi yangu ya kwanza niliagiza kwenye duka fulani la mjini, ikaja kwa basi. Boksi limeandikwa bluetuthi kwa herufi kubwa, taa za rangi saba. Ilikuwa na bluetuthi kweli, lakini ya kukumbuka kifaa kimoja tu. Nikitaka kuitumia kwenye simu, ilinibidi niifute kwenye kompyuta, niiunganishe upya na simu, nijibu ujumbe, nifute tena, niiunganishe na kompyuta. Nilivumilia wiki mbili. Sasa anaitumia kijana wangu kuchezea gemu.

Kwa hiyo usiulize, "Ina bluetuthi?" Uliza, "Inakumbuka vifaa vingapi?" Nyingi nzuri hukumbuka vitatu. Keychron hubadilisha kwa kitufe cha Fn pamoja na 1, 2 au 3. Royal Kludge RK61 hutumia Fn pamoja na Q, W au E. Logitech MX Mechanical ina vitufe vitatu maalumu juu, na cha kifaa unachokitumia huwaka. Vitatu vinatosha kwa wakala wa forodha mwenye laptopu na simu mbili. Mimi huwa nazidiwa na kimoja, lakini kompyuta ya mezani naiunganisha kwa kidude cha USB kilichokuja na kibodi, na nafasi tatu za bluetuthi zinabaki kwa simu zote mbili na kishikwambi. Kibodi yenye njia zote tatu, yaani bluetuthi, kidude na waya, ndiyo ninayomshauri mtu wa kazi kama yangu.

Ukiwa dukani, usikubali kuonyeshwa taa. Omba kuiunganisha na simu yako na ya muuzaji. Andika neno kwenye simu yako, hamia ya muuzaji uandike, kisha rudi. Hesabu kimoyomoyo tangu unapobonyeza hadi herufi ya kwanza inapotokea. Ukifika tano bila herufi, mrudishie. Kisha iache juu ya kaunta muda wa kunywa soda. Kibodi hizi hulala zisipotumika ili zisimalize chaji. Rudi uandike neno uone kama herufi ya kwanza inapotea. Zipo zinazomeza herufi mbili tatu kila zinapoamka. Kwa anayeandika ujumbe mfupi si kitu, ila kwa anayejaza namba za watu ni balaa.

Kuhama nako kuna aibu zake, na niwaonye mapema. Siku moja nilidhani niko kwenye kompyuta, kumbe nilikuwa nimehamia simu, na simu ilikuwa wazi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nilichapa aya nzima ya mkataba macho yakiwa kwenye karatasi ya mteja. Shangazi akapiga simu kuuliza nani anauza shamba. Tangu siku hiyo natazama kioo kwanza. Tena ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, upande wa gumzo, uzime ile sehemu inayofanya kitufe cha Enter kutuma ujumbe. Usipozima, kila unaporuka mstari unatuma kipande, na mpokeaji atapata barua yako kwa vipande kumi na viwili.

Kompyuta za mezani za mtumba, zile zinazofika huku zikiwa zimetumika maofisini ng'ambo, nyingi hazina bluetuthi. Usije ukanunua kibodi ya bluetuthi tupu ukafika nyumbani kompyuta haiioni. Unaweza kununua kidude cha bluetuthi cha kuchomeka, lakini bado kuna tatizo: kompyuta ikiwa inawaka, kabla Windows haijaingia, kwa kawaida kibodi ya bluetuthi haifanyi kazi. Fundi akitaka kuingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine atahitaji waya. Hakikisha basi kibodi yako inaandika pia ikiwa imechomekwa waya. Zipo ambazo waya wake ni wa kuchaji tu.

Juu ya vidude, neno moja kwa wenye steshenari. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba kibodi kadhaa za bei nafuu zenye vidude vyake zilikuwa zikirusha hewani kila herufi bila kuifunga kwa siri, kiasi kwamba mtu aliye mbali kidogo angeweza kuzisoma. Bluetuthi ya kisasa hufunga mawasiliano. Nikiwa na kidude cha kampuni nisiyoijua, namba za siri za wateja siziandiki kupitia hicho, nachomeka waya.

Walimu sasa. Vile vishikwambi vilivyohesabia watu kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baadaye, na wengi wameishia kuvitumia kupiga picha na kusoma nyaraka, kwa sababu kuandika maswali arobaini kwa kugusa kioo kunachosha. Kibodi inakibadilisha kishikwambi kuwa kompyuta ndogo. Ukishaiunganisha, fungua mipangilio ya lugha, tafuta sehemu ya kibodi halisi, uchague mpangilio unaolingana na kibodi yako. Ukibonyeza alama ya @ ikatokea alama ya kufungua na kufunga usemi, kibodi haijaharibika: kifaa kinadhani una kibodi ya Uingereza ilhali yako ni ya Kimarekani, au kinyume chake. Kila kifaa kina mpangilio wake, kwa hiyo hilo utalirekebisha mara tatu, si mara moja.

Hapa kwetu mpangilio una mkasa zaidi, kwa sababu tuko jirani na Burundi, na baadhi ya laptopu na kibodi za mtumba zinazovuka kutoka huko zimepangwa Kifaransa. Kwenye mpangilio huo A imekaa mahali pa Q, Z mahali pa W, na M imesogezwa hadi pembeni mwa L. Namba za safu ya juu hazitoki mpaka ushike Shift. Aliyejifunza kuchapa bila kutazama vidole akiketi mbele yake na kuandika "Wakazi wa Kasulo", kioo kitamwonyesha "Zqkqwi zq Kqsulo". Kwa Kiswahili, lugha ambayo karibu kila neno lina A, ni kama kulimia jembe lililogeuzwa mpini.

Lakini usiikimbie kibodi ya namna hiyo kwa sababu hiyo peke yake. Kinachoamua herufi ni mpangilio ndani ya kifaa, siyo wino ulioko juu ya kitufe. Weka mpangilio wa Kiingereza kwenye kompyuta, na kibodi ya Kifaransa itaandika unavyotaka. Kinachobaki ni maandishi ya juu kudanganya macho. Na hapo ndipo kibodi ya swichi inapolipa: vifuniko vya vitufe vyake vinang'oka kwa mkono au kwa kikoleo kidogo kinachokuja kwenye boksi. Unavipanga upya. Ila kwenye kibodi nyingi kila safu ina mteremko wake, hivyo kifuniko cha A ukikihamishia safu ya Q kitasimama juu kidogo au kuinama. Vidole huzoea. Mimi nimezoea.

Mteja wangu mmoja anayehudumia madereva huandika Kiswahili kwenye simu ya Tanzania, Kinyarwanda kwenye ile ya Rwanda, na Kifaransa akimwandikia mtu wa Bujumbura. Yeye nilimshauri kibodi ya Kimarekani ya kawaida, na kwenye laptopu aongeze mpangilio wa kimataifa unaomwezesha kuandika herufi za Kifaransa zenye alama juu kwa kubonyeza alama kwanza, herufi baadaye.

Tuje kwenye ukubwa. Mitandaoni vijana wanasifia vibodi vidogo vya vitufe 61. Ni vizuri, vinaingia kwenye mkoba, lakini havina vitufe vya mishale. Mishale imefichwa nyuma ya Fn. Anayefanya kazi ya Excel atalaani. Vya vitufe 68 vina mishale. Vya 84, kama Keychron K2, vina mishale na safu ya F juu. Sasa jiulize unaandika nini kutwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Mimi kuna siku naingiza namba hizo za watu thelathini, na juu yake namba za malipo ya serikali, namba za simu, namba za magari. Anayefanya kazi hii bila kile kibao cha namba cha upande wa kulia anajitesa. Kwa steshenari na kwa wakala wa forodha, tafuta yenye vitufe 96 hadi 104. Kwa mwandishi, mwanafunzi au mchungaji anayeandaa mahubiri, 84 inamtosha kabisa.

Rangi za swichi nitazipita haraka. Nyekundu inashuka laini bila kugota, na ile ya Cherry huhitaji nguvu ya kama gramu 45. Kahawia ina kigoti kidogo cha kukuambia herufi imeingia. Buluu ina kigoti na mlio wa tik. Zote hushuka milimita 4 hivi, na nyekundu ya Cherry huandika ikifika milimita 2, kwa hiyo huna haja ya kuigonga mpaka chini kama tulivyofundishwa kwenye taipureta. Buluu ni tamu kwa anayefanya kazi peke yake. Ukiwa na chumba kimoja na watoto wamelala, au ofisi ya watu wanne, nunua nyekundu. Nimeyaona mabishano ya kutosha.

Vumbi ndilo linalostahili maneno mengi. Wa Kasulo hana haja ya kuelezwa: kiangazi, kuanzia Juni, malori ya Rwanda na Burundi yanapita mchana na usiku kwenye barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, na udongo wetu mwekundu unakaa juu ya kila kitu, mpaka ndani ya bahasha zilizofungwa. Swichi za kawaida ziko wazi juu, chini ya kifuniko. Vumbi laini likiingia, kitufe huanza kuandika herufi mara mbili au kutoandika. Kinga ya kwanza ni kitambaa: kila jioni funika, na kitambaa kiwe kikavu na kisafi. Ya pili ni brashi mpya ya rangi. Geuza kibodi kichwa chini, gonga mgongo wake taratibu, kisha piga brashi katikati ya safu. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Mara mbili kwa mwaka ng'oa vifuniko vyote, vioshe kwa sabuni, vianike kivulini hadi vikauke kabisa. Kabla ya kung'oa piga picha, la sivyo utakaa sakafuni usiku unatafuta Alt ya kushoto.

Kinga ya tatu unainunua dukani. Kailh wana swichi ziitwazo Box ambazo sehemu ya kugusana imefungiwa ndani ya kiboksi, nazo zimepewa daraja la IP56, maana yake vumbi na maji ya kurushiwa haviisumbui sana. Zaidi ya hapo, tafuta kibodi ambayo swichi zake zinachomoka bila kuchomea kwa risasi. Hii naisisitiza kuliko chapa yoyote. Swichi ya A ikichoka, na kwa Kiswahili itachoka ya kwanza, unaichomoa, unachukua swichi ya kitufe usichokigusa kama Scroll Lock, unaichomeka mahali pa A. Dakika mbili, hakuna fundi. Angalia tu kama matundu ya kibodi yako ni ya pini tatu au tano. Swichi ya pini tano inaingia kwenye matundu matatu ukikata vijiti viwili vya plastiki kwa mkasi wa kucha. Ya pini tatu inaingia kote.

Kung'oa kifuniko kutakusaidia pia kukwepa ulaghai. Zipo kibodi zinazouzwa kama za kimakanika, zina taa na zinalia, lakini ndani ni mpira ule ule. Omba kuchungulia: swichi ya kweli utaiona imesimama kama kiboksi chake chenye msalaba mdogo katikati. Muuzaji akikataa usichungulie, ameshakujibu. Na vifuniko vyenyewe, plastiki ya PBT hukaa na ukwaru wake. Ya ABS huanza kung'aa kama imepakwa mafuta baada ya miezi ya kazi.

Umeme. Ukikatika, kompyuta ya mezani inazima, lakini simu na kishikwambi vinaendelea, na kibodi yenye betri yake inaendelea navyo. Nimewahi kumaliza barua ya mteja kwenye simu, gizani, akaitumia hivyo hivyo. Zima taa za rangi. Logitech wenyewe wanasema MX Mechanical hukaa hadi siku 15 taa zikiwaka na hadi miezi 10 zikiwa zimezimwa. Tofauti hiyo ya siku na miezi utaikuta, kwa kiasi chake, kwenye chapa zote. Chagua inayochajiwa kwa Taipu C, chaja ile ile ya simu.

Kuna watu ambao huwaambia wasinunue ya swichi. Mwalimu anayekwenda Nyakahura kwa bodaboda na kurudi kila siku, kibodi ya karibu kilo moja mgongoni ni adhabu. Huyo namwelekeza Logitech K380: ni ya mpira, lakini inakumbuka vifaa vitatu, ni nyepesi, na inatumia betri mbili ndogo za AAA ambazo kampuni inasema hudumu hadi miezi 24. Haifunguki, ikifa imekufa. Lakini itakuwa imemfanyia kazi. Ile MX Mechanical ilizinduliwa mwaka 2022 kwa karibu dola 170 huko Marekani, na kwa maoni yangu fedha hiyo hapa Kasulo ina kazi nyingine. Nyingi za Keychron na Royal Kludge ziko chini ya hapo kwa mbali, na zipo za kuchomoa swichi. Muulize muuzaji kwa kila toleo, maana jina moja linaweza kuwa na toleo linalochomoka na lisilochomoka.

Wapi pa kununua? Kigali ni karibu kuliko Dar es Salaam, ukikumbuka tu kwamba saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Ukirudi Rusumo, ionyeshe forodhani na utunze risiti. Wapo wanaodhani cheti rahisi cha uasili, kile cha wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, kitawasaidia. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Kibodi iliyotoka China hata ukiinunua Kigali haihusiki.

Ukiagiza Kariakoo au Mwanza, mwombe muuzaji akutumie video akihamisha maandishi kutoka simu moja kwenda nyingine kabla hujalipa, na akiing'oa swichi moja. Aifunge kwenye boksi lake, aongeze boksi la nje. Na juu ya mzigo asiandike Kasulo peke yake. Kondakta atasoma Kasulu, mzigo utafika njia panda ya Nyakanazi ukashika barabara ya Kibondo, nawe utaanza kupiga simu Kigoma. Mwambie aandike kwa herufi kubwa: BENACO, NGARA, na namba yako ya simu mara mbili.